Koki Inayojifunga Yenyewe Isikabidhiwe Roho za Samaki

Msomaji, kama unafuga samaki katika tangi nyuma ya nyumba yako, nina swali moja kwako. Saa nane ya usiku, wewe na bibi yako na watoto mkiwa mmelala, ni nani anayeyaangalia maji ya tangi hilo?

Nauliza kwa sababu siku hizi matangi ya samaki yamekuwa mengi katika skimu zetu. Zamani habari za samaki zilikuwa habari za mabwawa tu. Kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi mkulima aliyetaka kufuga samaki aliambiwa achukue jembe akachimbe. Hata Serikali ilipoanza mwaka 2009 mpango wake wa kuwachimbia wakulima mabwawa, kipimo kilikuwa bwawa la mita 300 za mraba. Lakini sisi wa skimu ya mpunga hapa Mwea tunajua kwamba si kila mtu ana nafasi hiyo. Shamba la mpunga ni la mpunga, na kiwanja cha nyumba ni kidogo. Kwa hiyo watu wamenunua matangi ya plastiki ya lita 1,000, na vijana wengine wameunganisha vioo kwa gundi ya silikoni, wakatia humo vifaranga vya perege na kambare, wapate kuwauzia wenye mabwawa. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, ingawa kazi yangu ya mchana ni kuandika madaftari katika ofisi ya ukulima.

Kazi hii ni nzuri na haitaki shamba kubwa. Ila yafaa mtu ajue tangu mwanzo kwamba bwawa husamehe na tangi halisamehe. Bwawa lina tope, lina majani, lina uso mpana wa kuvuta hewa. Ukisahau leo, samaki watakungoja mpaka kesho. Katika tangi, mavi ya samaki na chakula kilichobaki hugeuka kuwa amonia, na amonia ni sumu, tena hukali zaidi maji yakipata joto. Na joto hilo hilo hufukuza hewa. Maji yenye joto la digrii 20 huweza kushika karibu miligramu 9 za oksijeni katika lita moja, lakini yakifika digrii 30 hushika kama 7 na nusu tu. Hicho ni kipimo cha pwani. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, toa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Maji yakiwa yamegeuka rangi ya kijani mambo huwa mabaya zaidi usiku, kwa sababu ule ukijani unaotoa hewa mchana huivuta wenyewe gizani. Ndiyo maana ukiamka alfajiri huwakuta samaki juu, vinywa wazi, kama watu walio ndani ya nyumba yenye moshi.

Basi hapana budi maji mapya yaingie na machafu yatoke, kidogo kidogo, mchana na usiku. Mtu aweza kufanya hivyo kwa debe, asubuhi na jioni. Wengi wetu tulianza hivyo. Inafaa mpaka siku ya mazishi ya mbali, au siku ya kuvuna, au siku zamu yako ya maji inapoangukia usiku na mtoto uliyemtuma kufungua koki amerudi kulala bila kuifunga. Nimeona majirani wawili waliokuwa marafiki tangu utoto wakifikishana mbele ya kamati ya maji kwa ajili ya koki moja iliyosahauliwa.

Kwa hiyo mtu hutamani chombo cha kufungua na kufunga maji chenyewe. Tamaa hiyo si mbaya, wala si ya uvivu. Shida yangu ni namna tunavyoitimiza.

Nitakueleza yaliyonipata. Mwaka juzi nilikuwa na matangi mawili. Nilimwita fundi mmoja, kijana mwenye maneno mazuri, naye akaniuzia koki mbili za umeme za namna ile iliyomo ndani ya mashine ya kufulia nguo. Moja aliifunga chini ya pipa la akiba, itie maji katika tangi. Ya pili aliifunga chini kabisa ya tangi la samaki, itoe maji machafu. Juu yake aliweka saa ya umeme. Kila baada ya saa sita, koki ya chini ingefunguka dakika tano, kisha ya juu ingefunguka dakika tano. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye mpaka leo huniita Mwalimu kwa sababu nilimfundisha mwanawe darasa la tano, alikuja kutazama. Akazunguka tangi, akainama, akaniuliza, "Mwalimu, koki hii ikilala, nani ataiamsha?" Nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, hii haina usingizi."

Siku ya tisa nilikuta tangi moja kavu. Vifaranga zaidi ya mia tano walikuwa wamelala chini ya plastiki, wamekauka mgongo, na wachache waliokuwa katika kidimbwi cha pembeni walikuwa wakipiga mikia polepole. Samaki hao ndio waliokuwa wamebeba ada ya muhula wa pili ya binti yangu. Ilinibidi nikope.

Nilipoifungua koki ile mezani nikaelewa. Ndani yake mna ngozi ya mpira yenye tundu dogo kama la sindano. Maji hupita katika tundu hilo, yakajaa upande wa pili wa ngozi, na uzito wa msukumo wake ndio unaoikandamiza ngozi ifunge. Umeme hauifungi koki hiyo, maji ndiyo huifunga. Chembe moja ya mchanga ikiziba tundu, koki haitafunga, hata saa iseme nini. Na maji ya mfereji wetu, kila mtu ajua, yana mchanga. Tena koki za namna hii zimetengenezwa kwa maji ya mji yenye nguvu. Nyingi hutaka msukumo kama wa maji yaliyo juu mita mbili, tatu au zaidi ndipo zifanye kazi sawasawa. Pipa langu lilikuwa juu ya mawe, mita moja tu. Kwa hiyo ile ya kutoa ilikwama wazi, na ile ya kutia haikufunguka vizuri hata mara moja. Fundi hakuwa mwizi. Hakujua, na mimi niliyesomea ualimu sikuuliza.

Tangu siku hiyo nina shauri moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usikipe chombo cho chote kinachojiendesha chenyewe uwezo wa kuua samaki wako siku kitakapoharibika. Kitaharibika tu. Usijisumbue kuuliza kama ni kizuri. Uliza hivi: kikikwama wazi, itakuwaje? Kikikwama kimefungwa, itakuwaje? Kama jibu la swali lo lote kati ya hayo mawili ni samaki kufa kabla hujaamka, kiondoe.

Ukilishika shauri hilo, utaona kwamba chombo salama ndicho pia chenye bei ndogo. Anza na mahali pa kutokea maji, maana hapo ndipo niliposhindwa. Usiweke koki chini ya tangi. Simamisha bomba la plastiki la inchi moja katikati ya tangi, mdomo wake ukiwa pale unapotaka maji yaishie, kisha mwisho wake wa chini upite sakafuni mwa tangi na kutoka nje. Maji yakizidi mdomo, humwagika ndani ya bomba na kwenda zake. Yakipungua, hayatoki hata tone. Hakuna koki, hakuna saa, hakuna ngozi ya mpira. Ila bomba hilo peke yake litatoa maji ya juu, yaliyo safi, na kuacha uchafu chini. Kwa hiyo livike bomba la pili pana, la inchi mbili au tatu, refu kupita uso wa maji, na mwisho wake wa chini likate meno kama ya msumeno. Sasa maji hayana njia ila kuingia chini kwa kupitia kwenye meno, yakibeba uchafu, yapande kati ya mabomba mawili na kushukia ndani ya lile dogo. Meno yawe madogo kuliko vichwa vya vifaranga, au yafunge kwa kipande cha chandarua. Siku ya kusafisha tangi, unalichomoa bomba la ndani kwa mkono wako. Kwa mkono, ukiwa umesimama pale.

Maji ya kuingia yatoke katika pipa la akiba kwa koki ndogo ya kawaida iliyofunguliwa kidogo tu. Hapa wakulima wengi hukisia, na kukisia ndiko kunakoua. Chukua debe la lita 20 na saa ya mkononi. Debe likijaa kwa saa mbili, una lita 10 kwa saa, yaani lita 240 kwa siku, karibu robo ya tangi la lita 1,000. Kwa vifaranga wasiosongamana hicho ni kiasi cha kuanzia. Ukiona wanapanda juu alfajiri, ongeza maji au punguza samaki. (Wengi wetu twapaswa kupunguza samaki, lakini hatupendi kusikia hivyo.) Yaache maji yaanguke kutoka juu, kiasi cha mkono mmoja, yapige uso wa tangi na kubeba hewa. Koki iliyofunguliwa kidogo huzibwa na takataka, basi tia chujio la kitambaa katika pipa na ulifue kila juma. Ikiziba usiku mmoja, tangi limebaki limejaa, nawe una muda wa kuigundua asubuhi.

Tena, kila tangi lipate maji yake kutoka kwenye pipa. Usiyapitishe maji ya tangi la kwanza yaingie la pili kwa kutaka kuokoa, kwani ugonjwa wa la kwanza utasafiri nayo.

Linabaki jambo la zamu, yaani namna ya kujaza pipa la akiba usiku bila kumtoa mtoto kitandani, na namna ya kuyaelekeza maji kwingine pipa likijaa. Hapa ndipo watu hutafuta umeme, na umeme hautakiwi. Tundika debe tupu mahali palipo juu kuliko pipa, na bomba la maji ya zamu limwagikie humo. Toboa debe matundu mawili, moja karibu na chini, la pili vidole vinne juu yake. Tundu la chini lipeleke bomba kwenye pipa, na mwishoni mwa bomba hilo funga koki ya boya, kama ile iliyomo katika tangi la choo cha maji. Tundu la juu lipeleke bomba kwenye mboga. Maji yakija, huenda kwanza kwenye pipa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya chini. Pipa likijaa, boya hupanda na kufunga, maji hupanda ndani ya debe, hulifikia tundu la juu, na kuanza kumwagilia sukuma wiki. Boya likikwama wazi, pipa litafurika na utakuwa na matope uani. Likikwama limefungwa, mboga zitapata maji zaidi na samaki watatumia akiba iliyopo. Katika hali zote mbili hakuna aliyekufa.

Usidhani boya ni kitu cha maskini wasioweza kununua mashine. Ktesibio wa Aleksandria katika Misri alilitumia katika saa yake ya maji zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Yesu, na ndugu watatu wa Baghdad, wana wa Musa, walieleza vyombo vya namna hiyo katika kitabu chao cha karne ya tisa. Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa nawaambia watoto wasukume mpira chini ya maji ya ndoo kwa kiganja. Waliusikia ukiwasukuma kurudi. Nguvu hiyo haikatiki kama stima.

Vijana watasema karani anaogopa mambo ya kisasa. La. Kijana wangu mmoja ana ubao wake mdogo wa kompyuta na bamba la sola na betri ya volti 12, na mimi nimemruhusu aufunge kwenye tangi. Lakini nimeupa kazi ya kupiga kelele tu. Kuna boya dogo lenye sumaku. Maji yakishuka vidole vitatu, kengele hulia chumbani kwangu. Betri ikiisha, kengele hainilii, basi, nimerudi nilipokuwa zamani. Mwenye pampu ya kujaza pipa pia aweza kutumia boya la umeme kuizima pipa likijaa. Ila umeme wa volti 240 usikae karibu na mikono iliyolowa, wala usimwachie mtoto auguse. Tena mwenye pampu yenye bomba linalozama ndani ya tangi la samaki akumbuke jambo hili: pampu ikizima, bomba hilo laweza kufyonza maji yarudi kinyume, kama mtu anavyofyonza petroli kwa mpira, na kulikausha tangi. Toboa tundu dogo katika bomba juu kidogo ya uso wa maji, hewa iingie, ufyonzaji ukatike.

Wengine wameniuliza habari za ile kengele ya plastiki inayovikwa juu ya bomba, ambayo hungoja maji yajae kisha kuyafyonza yote kwa mara moja, halafu hungoja tena. Ni kitu cha kupendeza kukitazama, na kwa kitalu cha kokoto kilichopandwa mboga kinafaa sana. Lakini maji yakiingia pole mno hakianzi, hudondosha tu. Yakiingia kwa nguvu mno hakikomi. Kiweke kwenye mboga. Kwenye samaki, hapana.

Kuna hatari moja ambayo hata bomba langu la kusimama haliizuii, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Koki haionji maji. Jirani wa juu akipiga dawa ya wadudu katika mpunga, nyingine za dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana, na chombo chako kitazikaribisha usiku kwa uaminifu ule ule kinaokaribisha maji safi. Kwa hiyo weka koki moja ya mkono mahali maji yanapoingilia uani, na msimu wa dawa uifunge. Pipa kubwa la akiba kazi yake ni hiyo, likuvushe siku hizo. Zungumza na majirani wako wa juu kabla ya msimu, wala usingoje mpaka samaki wafe ndipo uende kwao na hasira. Na kila mara kabla ya kuyaruhusu maji ya mfereji tena, tia vifaranga watatu katika ndoo ya maji hayo uwaache mpaka kesho. Ni bei ndogo. Mwenye maji ya bomba la mji naye ana neno lake, kwani klorini huua pia. Maji hayo yakae wazi katika pipa siku nzima au mbili kabla ya kuyafungulia.

Kabla hujatia samaki, jaribu mitambo yako kwa ubaya. Jaza tangi, tia alama ya chaki kwenye uso wa maji, kisha fanya kama adui. Lishike boya chini, ling'oe bomba la kutia, zima kila kitu cha umeme, uende zako kutwa nzima. Ukirudi, alama ya chaki itakuambia. Mimi nilikuwa na furaha sana na jaribio langu, na yule mzee jirani akaja tena, akazunguka tena tangi, akasema safari hii hana swali. Naye amejenga lake kwa pipa kuukuu na bomba la mabaki.

Lakini juma lililopita chura aliingia kati ya mabomba yangu mawili na kuziba njia. Maji yalipanda mpaka ukingoni, na perege sita wakaruka nje. Nimefunika kwa wavu, na nimetoboa tundu la pili la kutokea, vidole viwili chini ya ukingo, lenye wavu wake. Kama umekwisha jenga lako bila tundu hilo la pili, litoboe leo jioni.